Amri ya Waenda kwa Miguu

Sipendi barabara, na ninayoichukia kuliko zote ni ile ambayo amri yake niliitafsiri kwa mkono wangu mwenyewe. Umri nilionao sasa unaniruhusu kusema hivyo bila kumwogopa mtu. Watu wa Bukoba wananiona nikipita pembezoni kabisa, ndani ya majani, suruali ikilowa umande, wanadhani ni uzee. Si uzee. Ni kinyaa.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa karani wa baraza la gombolola moja huku Muleba. Gombolola yenyewe siitaji, kwa sababu wenyewe wapo, na wajukuu zao wananisalimia vizuri tu kanisani. Kwa ambao hawakuziona siku zile, gombolola ilikuwa chini ya mwami. Huyo mwami ndiye aliyesimamia kodi, ndiye aliyekagua mibuni ya watu, na ndiye huyo huyo aliyekaa kitini kuhukumu. Mimi nilikuwa na kalamu, wino na daftari kubwa la kesi, na nilijiona nimeshika nusu ya serikali.

Nilikuwa mgonjwa wa sheria. Gazeti la Kiswahili lilitufikia limechelewa wiki mbili au tatu, limeshakunjwa na kukunjuliwa na kila karani njiani kuanzia Bukoba, nami nilikimbilia habari za mahakama kabla ya kitu kingine. Wenzangu walitafuta bei ya kahawa. Mimi nilitaka kujua nani amehukumiwa Tabora, kwa kosa gani, na hakimu alitoa sababu gani. Siku ya soko nilikwenda Kamachumu, nikaketi mbele ya duka la mshonaji, nikawasomea watu kwa Kiswahili kisha nikawafafanulia kwa Kihaya. Walinipa lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na kahawa ya kutafuna, kichwa kikazidi kuvimba.

Nakumbuka niliwasomea habari ya dereva mmoja wa Dar es Salaam aliyemgonga mtu aliyekuwa anavuka barabara. Mahakama ilisema dereva alipaswa kuangalia mbele, kwa hiyo kosa ni lake. Mzee mmoja aliyekuja na mbuzi akaniuliza, "Sasa mwanangu, huyo aliyegongwa alikuwa Mzungu?"

"Gazeti halisemi, mzee."

"Basi alikuwa Mzungu," akasema, akavuta kamba ya mbuzi wake na kwenda zake. Watu wakacheka, mimi nikakasirika. Niliwaambia sheria haiangalii sura ya mtu. Nilisema hivyo hadharani, kwa sauti kubwa, na nilikuwa naamini.

Nilikuwa na sababu ya kuzipenda habari za namna hiyo. Barabara yetu ya Muleba hadi Bukoba haikumtaka mtu wa miguu. Ilikuwa ya udongo mwekundu, katikati imeinuka, pembeni mtaro, na baada ya mtaro ukingo wa migomba ya mtu. Malori ya kahawa yalipita katikati yakitimua vumbi mpaka usione mkono wako. Mama aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani alikuwa na mawili ya kuchagua: abaki barabarani aombe Mungu, au aingie mtaroni na mkungu wake ateguke mguu. Mjini Bukoba kwenyewe, mbele ya maduka makubwa, palikuwa na njia ya saruji ya kutembelea, safi, imefagiliwa. Nilimwona askari akiwafukuza akina mama wenye mizigo wasiikanyage, ati wanawakwaza wanunuzi. Wakashuka barabarani, magari yakawapigia honi kwa kuwa wako barabarani. Nilisimama nikatazama, nikatema mate.

Kwa hiyo ile amri mpya ilipotufikia nilikaribia kulia kwa furaha. Ilikuja kwa Kiingereza, kurasa mbili zilizopigwa chapa, na mwami akanipa niitafsiri. Ilikuwa na mambo matatu. La kwanza, kando ya barabara kuu pasawazishwe njia ya waenda kwa miguu, upana wa watu wawili. La pili, magari yapunguze mwendo karibu na masoko, makanisa na shule. La tatu, mtu yeyote au gari lolote lisisimame katikati ya barabara wala kuweka kitu cha kuizuia. Niliandika Kiswahili changu kwa uangalifu kama mtu anayeandika barua ya posa. Nikaenda nayo Kamachumu nikaisoma mara tatu, nikawaambia watu: mwaka huu na sisi tutatembea kama binadamu.

Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema. Mimi nilidhani ile karatasi imewafuta wahenga.

Miezi ikapita. Njia ya pembeni hakuna aliyeitia jembe. Mwami alisema wenye vibanja, yaani mashamba ya migomba ya kando, wailime, wenye vibanja wakasema barabara ni ya serikali, na serikali ilikuwa Bukoba ikinywa chai. Madereva waliendelea kama zamani. Jambo la tatu ndilo lililobaki na uhai, kwa sababu halikuhitaji jembe wala breki. Lilihitaji tu mtu wa kumkamata, na watu wa kukamatwa tulikuwa nao wengi.

Aliyekamatwa wa kwanza alikuwa shangazi yangu.

Alikuwa dada wa baba, mjane, na alikuwa na kibanja kidogo upande wa Buganguzi, karibu na barabara. Baba alikuwa ameshakufa, na kwa upande wa ukoo mwanamume aliyebaki karibu naye ni mimi. Aliishi kwa kubeba ndizi kwenda kuuza. Miguu yake ndiyo ilikuwa shamba lake la pili, kama alivyopenda kusema mwenyewe, na alikuwa anawatania wanawake wenye nusu ya umri wake kwamba wanatembea kama bata.

Siku ile alikuwa anakwenda sokoni na mkungu wake kichwani. Mbele yake likatokea gari la mwami. Sasa mjue kwamba kwetu mwanamke akikutana na mkubwa njiani hupiga magoti, ndipo asalimie. Na mjue pia kwamba mwami wetu alipenda kusalimiwa kama wengine wanavyopenda senene. Mwaka huo huo mtu mmoja aliitwa barazani kwa kupita na baiskeli bila kushuka, akawekwa juani tangu asubuhi mpaka jioni. Shangazi alitazama pembeni akaona mtaro. Huwezi kupiga magoti mtaroni na mkungu kichwani. Akapiga magoti pale pale kwenye ukingo wa barabara, shingo wima, mzigo umetulia, akasalimia.

Mwami akamwambia dereva wake asimamishe gari. Si kwa shida yoyote. Alisimamisha ili salamu imfikie vizuri, aitikie, aulize habari za migomba. Gari likasimama katikati ya barabara. Nyuma yake, ndani ya vumbi lake, lilikuwa linakuja lori la kahawa. Dereva wa lori alipoona nyuma ya gari la mwami ameshachelewa, akakata usukani kuliepa, akaenda moja kwa moja upande wa shangazi. Gurudumu lilimvunja mguu chini ya goti. Lori halikusimama. Gari la mwami nalo likaondoka.

Jioni hiyo nilikuta mganga wa mifupa ameshamfunga kwa vijiti na maganda ya migomba. Mganga aliniita nje akaniambia maneno machache. Mfupa umekaa vizuri, alisema, lakini umekaa kwa kubembelezwa. Asiinuke, asisogezwe, siku arobaini. Akisogezwa kabla, utaungana upande na hatabeba kitu tena maisha yake. Nikaingia ndani, shangazi akanisimulia yote niliyoyaeleza hapa, taratibu, bila kulalamika. Alichosikitikia ni ndizi. Zilisagwa zote.

Siku ya tatu tarishi wa baraza akaja kwake na hati ya kuitwa. Mshitakiwa alikuwa yeye. Kosa: kusimama barabarani na kuzuia magari, kinyume cha amri. Hati ile niliiandika mimi. Mwami alinisomea, nami nikaandika. Nilipofika kwenye jina nilinyanyua kichwa nikamtazama, akaniambia, "Andika. Bwana DC anakuja kukagua, na mpaka leo daftari halina hata kesi moja ya ile amri. Atasema tumelala."

Ningeweza kusema kitu pale. Chumbani tulikuwa wawili tu. Lakini mwami alikuwa ameshapeleka barua Bukoba kuniombea kazi kwenye ofisi kubwa, nami nilijua barua hiyo ilikuwa bado haijajibiwa. Nikaandika jina la shangazi yangu kwa mwandiko mzuri.

Walimleta kwa machela, watu wanne wakipokezana vilima vile. Kila walipojikwaa nilijua mfupa nao umejikwaa. Wakamweka chini mbele ya meza, kwenye sakafu, na mwami akakaa kitini, na wazee wa baraza pembeni yake. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Nilikuwa nimesoma magazeti ya kutosha kujua kwamba mtu aliyekuwepo kwenye tukio hawezi kulihukumu. Hilo hata mtoto wa sheria analijua. Wazee walilijua bila gazeti. Mimi nikafungua daftari kwenye ukurasa mpya.

"Ulisimama barabarani?" mwami akauliza.

"Nilisimama, waitu," akajibu, kwa neno letu la kumheshimu mkubwa.

"Kwa sababu gani?"

Shangazi akashika mti wa machela. "Mzigo ulikuwa umelegea, waitu. Nilikuwa nakaza ngata."

Ulikuwa uongo, na nusu ya watu waliokuwa barazani walijua ni uongo. Lakini kwetu ule haukuitwa uongo. Mwanamke wa umri wake hawezi kusimama mbele ya watu akamwambia mkubwa, wewe ndiye uliyenisababishia. Mdomo wake unakataa. Anatoa sababu ndogo inayomwaibisha yeye mwenyewe, anamfunika mkubwa, kisha ananyamaza. Na hapo ndipo ndugu yake wa kiume, au mtoto wa ndugu yake, anasimama, anapiga makofi ya heshima na kusema: huyu amesema hivyo kwa adabu, naombeni sasa mnisikilize mimi. Tangu enzi za mababu ndivyo ilivyofanyika. Nilishawaona watu wakisimama hivyo mara nyingi mbele ya meza yangu, nikaandika maneno yao.

Baada ya kusema lile la ngata, shangazi aliinamisha macho. Kisha akayainua akanitazama mimi.

Mwami naye alinitazama. Wazee wakanitazama. Nadhani hata mwami alikuwa ananingoja, na sijui mpaka leo angefanya nini kama ningesimama. Pengine angenifukuza. Pengine angecheka na kuimaliza kesi, maana hakuwa mtu katili, alikuwa mtu wa kupenda salamu tu. Nikachovya kalamu. Nikaandika: mshitakiwa amekiri kwamba alisimama barabarani ili akaze ngata. Kalamu yangu iliguguna karatasi, na kila mtu alisikia.

Siku kumi na nne, kifungo, chumba cha nyuma ya baraza. Mwami alieleza kwamba amri haina huruma kwa sababu imewekwa kwa faida ya waenda kwa miguu wenyewe. Maneno hayo aliyatoa kwenye tafsiri yangu. Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ule wa kwetu ulikuwa na meno upande mmoja, na mimi ndiye niliyeunoa.

Chumba kile kilikuwa na sakafu ya saruji, na choo kilikuwa uani. Mtu aliyeambiwa asisogee siku arobaini alikuwa anasogea kila siku, akiburuzwa na mke wa tarishi kwa mikono miwili. Nilikuwa nasikia kutoka mezani kwangu. Nilimpelekea uji na blanketi, nikaona nimefanya la maana. Ee, binadamu. Hakuna anayejua kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kama karani.

Siku ya sita Bwana DC akaja. Gari lake aliliacha katikati ya barabara, mbele ya baraza kabisa, na watu wenye mizigo wakalizunguka kwa kupitia mtaroni. Nililiona kupitia dirisha na nilijua kila neno la kifungu linalolihusu. Akaingia, akafungua daftari, akasoma kesi ya shangazi mpaka mwisho. Alikuwa na uwezo wa kuifuta pale pale. Kazi ya ukaguzi ilikuwa hiyo: akiona hukumu ina kasoro, anaandika pembeni kwa wino mwekundu, na mfungwa anatoka. Siku ya sita, mganga aliniambia baadaye, mguu ulikuwa bado unaweza kurudishwa.

Mwami alikuwa ametoka kuagiza chai. Bwana DC akaniuliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Karani, kesi hii ina jambo lolote nisiloliona hapa?"

"Hapana, bwana."

"Mwandiko mzuri sana," akasema, akatia sahihi.

Jambo linalonikera si kwamba niliogopa. Watu huogopa. Linalonikera ni kwamba aliposifu mwandiko nilifurahi. Nilifurahi kweli, nikahisi joto masikioni, na nyuma ya ukuta huo huo kulikuwa na mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nikikumbuka furaha ile natamani kujitapika.

Hazikupita siku nyingi, ile barua ya mwami ikajibiwa kutoka Bukoba. Nilipata kazi ofisi kubwa, nikapanga nyumba Nshambya, nikawa nateremka mjini kila asubuhi na viatu vya ngozi. Nakala ya hukumu yetu ilizungushwa kwenye magombolola mengine iwe mfano wa jinsi ya kuitekeleza ile amri. Zilipitia mezani kwangu kesi zilizofuata: mama aliyeanika kahawa, mzee aliyepumzika juu ya jiwe, mwanamke mwingine aliyepiga magoti. Dereva sikumwona hata mmoja. Gazeti niliacha kulisoma. Kamachumu nilipopita, wale wa mbele ya duka la mshonaji waliniitikia salamu, ila hakuna aliyenikaribisha kuketi.

Kwa shangazi nilichelewa kwenda. Nilijiambia kazi nyingi. Nilipokwenda hatimaye nilibeba nyama, chumvi na khanga mbili, nikavuka migomba yake, nikamkuta ameketi mlangoni akimenya ndizi. Mguu ulikuwa umeungana upande, unyayo unatazama nje. Ndizi zake sasa alimpa jirani azibebe, na jirani alileta anacholeta. Aliniandalia chakula, akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akaniuliza habari za mjini na kama nimepata mchumba. Akanitania kwamba nimenenepa kama Mhindi. Nilianza kupumua, nikafikiri ameshasahau au hakuelewa.

Kisha akasema, bila kubadili sauti, "Siku ile barazani nilikungoja."

Nikamweleza. Nilimwambia karani wa baraza haruhusiwi kusema neno kwenye kesi. Anaandika anayoyasikia, basi. Nikamtajia kanuni yenyewe ilivyo, na sababu yake, na nini kingetokea kama kila karani angesimama kutetea ndugu zake. Nilisema mengi, na yote yalikuwa kweli. Yeye alimenya ndizi mbili nzima akinisikiliza.

"Karani nilimwona," akasema. "Niliyekuwa namngoja ni mtoto wa kaka yangu."